Nyota Sita Kwenye Skrini

Jumatatu, 10 Mei 1999

Printa imekataa tena. Imekohoa, ikatema karatasi nyeupe. Tangu nianze kazi hapa parokiani mwezi wa pili sijaiona ikitoa hata mstari mmoja. Ba Mulenga, kama wanavyomwita huku kwa heshima, katekista ninayegawana naye ofisi, anasema zamani ilikuwa nzima. Iliharibika siku ile fundi wa Lusaka alipoweka mfumo mpya kwenye kompyuta. Ndiyo siku niliyoanza kazi mimi.

Lori linakuja Jumamosi. Litapita ufukwe wote wa ziwa, kutoka hapa Nchelenge hadi Puta na Chienge, kukusanya watoto waliopotezana na wazazi wao walipokuwa wakikimbia vita vya Kongo. Wazazi wengi wako tayari kwenye kambi ya wakimbizi. Dereva hachukui mtoto asiyekuwa kwenye karatasi. Na karatasi yenyewe ni orodha yangu: watoto mia moja na arobaini, majina yao, wazazi wao, nyumba zinazowalea. Iko ndani ya kompyuta. Haijawahi kutoka.

Basi nimeuondoa ule mfumo mpya, wa zamani urudi na printa ipone. Ba Mulenga alitaka tumngoje fundi. Nikamwambia mimi ni sekretari mwenye diploma, singoji fundi. Mashine imesaga kwa saa mbili, ikazima, ikawaka. Skrini ina rangi nne tano na herufi kubwa kama za kitabu cha chekechea. Mshale hausogei. Nimeizima, nimerudi nyumbani.

Jumanne, 11 Mei

Panya ya kompyuta nimeichomoa, nikaichomeka upya, nikawasha mashine mara tatu. Imeamka. Kwa ajili ya skrini nimepata diski kwenye droo, chini ya mishumaa ya Pasaka. Saa nne rangi zimerudi. Saa tano printa imetoa ukurasa wa majaribio, mweusi, safi kabisa. Nilipiga kelele hadi Padri akachungulia dirishani. Nilimwangalia Ba Mulenga kwa dharau kidogo. Nakiri.

Kisha nikafungua orodha. Ikaomba neno la siri. Nikaliandika. Nyota sita zikatokea, kama siku zote. Ikajibu kwamba neno si sahihi.

Nikarudia. Si sahihi. Nikarudia polepole. Si sahihi. Nimerudia hadi saa ya chakula, na chakula sikula.

Neno hilo silikosei. Hata hapa siliandiki.

Jumatano, 12 Mei

Asubuhi nimepanga foleni posta kumpigia fundi. Laini mbovu. Anasema kuondoa mfumo kumeharibu faili, niandike orodha upya kutoka kwenye karatasi.

Karatasi zipi? Zile walizozileta makatekista kwa baiskeli, kijiji kwa kijiji, miezi mitatu, nilizichoma mwenyewe nyuma ya jiko la Padri. Watu waliogopa. Boti za samaki zinavuka ziwa kwenda Kongo kila siku, na anayevuka huwezi kujua anapeleka habari wapi. Padri alisema majina yasizagae. Mimi nikasema mashine ina mlango na ufunguo ninao peke yangu. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Mama Ngoie amekaa kwenye ngazi ya ofisi tangu asubuhi. Amefika juzi kutoka kambini, kwa miguu na kwa malori ya watu. Wanawe wawili wamo kwenye orodha. Nakumbuka nilivyowaandika, mapacha, wako upande wa Puta. Nyumba sikumbuki. Puta si nyumba moja.

Akaniuliza, "Mama sekretere, mashini ilisha kupona?"

Nikasema kesho. Nina aibu. Nina hasira pia, na wa kumkasirikia ni mimi tu.

Alhamisi, 13 Mei

Naandika majina kwa kalamu, yale ninayoyakumbuka. Hamsini na nane. Ya nyumba, ishirini tu. Kwa saa tatu nzima nimekaa nimeduwaa na jina moja, Kalenga au Kalonga. Mtoto anaweza kubaki huku kwa sababu hiyo.

Mchana nikakumbuka disketi! Nilinakili orodha Ijumaa iliyopita, nikaifunga kwenye kabati la nguo za misa. Nilikimbia kweli, mtu mzima mimi, viatu mkononi. Nikaiingiza. Neno la siri. Nyota sita. Si sahihi.

Ba Mulenga ameomba nimpe neno ajaribu yeye. Yeye anaandika kwa vidole viwili, anatafuta kila herufi kama kuku anayedonoa mtama. Nimekataa. Nilimwambia hivi: shuleni Lubumbashi mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa tusione vitufe, na bado niliongoza darasa. Vidole vyangu havijasahau kitu. Akarudi kwenye meza yake. Ubaya ni kwamba hakukasirika.

Lakini si kiburi tu. Neno lenyewe ndilo siwezi kulitamka.

Ijumaa, 14 Mei

Majina sitini na matatu. Hayatoshi. Lori litafika kesho saa moja.

Mama Ngoie amekuja na mfuko. Amenunua kandambili jozi mbili soko la Kashikishi, amekisia ukubwa. Akazipanga kwenye ngazi, mbilimbili, akazitazama. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Ba Mulenga alikuwa ameshika ile disketi. Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Ba Mama, hii haikuwa ndani ya mashini siku ile. Hakuna mutu aliigusa. Nayo inakatala. Basi liste iko muzima. Uniambie ile neno, niandike miye."

Nilitafuta jibu la kumuumiza. Lakini amesema kweli. Faili iliyolala kabatini haiwezi kuharibika kwa kitu nilichokifanya ofisini.

Nje Mama Ngoie alikuwa akikohoa. Nikasema, "Zawadi."

Tangu mwezi wa kumi na mbili sijalitamka jina hilo mbele ya mtu.

Ba Mulenga akainama juu ya vitufe. Z akaitafuta, akaipata. A. W. Kidole kimoja, kisha kingine. Nyota sita. Akabonyeza.

Orodha ikafunguka. Mia moja na arobaini, wote. Mapacha wa Mama Ngoie wako nyumba ya pili kutoka kanisani, Puta, kwa fundi wa kushona nyavu.

Nililia. Kisha nikafungua ukurasa mtupu, nikafumba macho, nikaliandika jina kwa haraka yangu ya siku zote. Nikafumbua. Skrini ilisema wqzqdi.

Mjinga mimi. Shuleni kwetu vitufe vilipangwa kwa Kifaransa: A inakaa penye Q ya Waingereza, Z inakaa penye W, na W penye Z. Fundi alipoweka mfumo mpya mwezi wa pili alinipangia Kifaransa nisihangaike. Maandishi juu ya vitufe yalibaki ya Kiingereza, ila mimi sivitazami kamwe. Nilipouondoa mfumo, mashine ikarudi ilivyokuwa kabla sijaja. Tangu Jumatatu nimesukuma panya na kushika kalamu. Kitu pekee nilichokiandika kwa vidole ni neno lile, nalo linajificha nyuma ya nyota. Ba Mulenga anavitazama vitufe. Ndiyo tofauti yetu yote.

Tulichapisha nakala tatu. Umeme haukukatika, sijui kwa nini leo umetuhurumia. Karatasi zilipokuwa zinatoka, Ba Mulenga akauliza, "Zawadi ni nani?"

"Ni wangu."

"Iko mu liste?"

Nikasema hapana. Akazipanga karatasi, kingo zikalingana, akatoka kumwambia Mama Ngoie.

Jumamosi, 15 Mei

Lori limefika saa tatu, si saa moja. Dereva amesoma karatasi kwa kidole, jina kwa jina. Watoto kumi na wanane wamepanda hapa. Mmoja aligoma kumwachia mama aliyemlea, tukambandua mikono wote wawili wakilia. Hilo sikulifikiria nilipokuwa naandika.

Mama Ngoie amepanda mbele na mfuko wake. Ananishukuru, ananiita malaika. Nimemwambia amshukuru Ba Mulenga. Kusema hivyo hadharani kulinichoma kidogo.

Ba Mulenga nilimwomba radhi baada ya lori kuondoka. Akasema, "Haina neno, Ba Mama," akaenda kufundisha katekisimu.

Jumapili, 16 Mei

Baada ya misa nimeomba ufunguo wa ofisi. Ziwa limetulia leo, linaonekana kutoka dirishani.

Watu hapa nimewaambia mwanangu yuko kwa bibi yake, Pweto, ng'ambo ya ziwa. Hayuko kwa bibi yake. Mkono wake ulinitoka ufukweni tukikimbia vita, boti zikijaa, na nilipogeuka kulikuwa na mikono ya watu wengine tu. Nimeandika watoto mia moja na arobaini wa wenzangu, na jina lake nikalifanya ufunguo wa kufungia. Niliona nikiliandika kwenye orodha itakuwa kweli kwamba amepotea.

Nimewasha mashine. Ningeweza kuirudisha kwenye Kifaransa, ni dakika moja. Sikufanya. Nimeandika kwa vidole viwili, nikitazama kila kitufe.

141. Zawadi. Msichana, miaka tisa. Gauni la njano, kovu dogo gotini. Anaimba akiogopa. Anatafutwa na mama yake, parokiani Nchelenge.

Nimechapisha mara mbili. Nakala moja nimempa Ba Mulenga; kesho asubuhi anakwenda Chienge kwa baiskeli. Amesema atatangulia kupita Puta, aulize.