Kinu Kilichojibiwa Kutoka Chini

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mpunga wa hapa Didia umekomaa.

Umeuliza kama uwaambie wanakijiji wa huko unakopima miamba kwamba maji yanayeyusha mwamba chini yao, ilhali hesabu za kompyuta yako haziwezi kusema ardhi itatitia lini.

Nikiwa mwandishi wa habari kijana, karibu na Runzewe, nilimkuta Mama Masanja akitwanga mahindi. Kila pigo la mchi lilijibiwa na jingine kutoka chini ya ardhi.

"Wa chini nao wanatwanga," mumewe alitania.

"Basi nenda ukale kwao, Baba Masanja. Mimi na wanangu tunahama leo."

Mume alibaki. Niliporudi siku chache baadaye, pale penye nyumba palikuwa na shimo. Nilidondosha jiwe, sikulisikia likifika.

Waambie, mjukuu wangu. Mama Masanja hakuuliza ni lini.

Babu yako