Dawa ya Dada na Harufu ya Gari

Ndugu yangu, nimetapika. Mzee mzima nimetapika juu ya viti vya ngozi!

Unaijua ile harufu ya gari langu la kifahari, kuukuu kama mimi. Wiki tatu namlaumu dada: "Ni hiyo dawa yako ya kuchua." Akasusa, akawa anakwenda kliniki kwa miguu na magoti yale mabovu.

Leo nimefungua mwenyewe chujio la kiyoyozi. Panya! Kaoza, funza wakanimwagikia mapajani. Wiki tatu navuta pumzi ya panya. Ya panya!

Dada akachungulia dirishani, pua kaziba. "Mdogo wangu, na huyo anaumwa magoti?"

Nikamwomba radhi. Nikasema kesho nitampeleka kliniki.

"Mpeleke mwenzako huyo. Miguu yangu hainuki."