Kuvipigia Viti Muziki

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi na hela zote. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu naye alianza na hilo. Zote? Zote. Na za juu pia. Akapiga kofi moja la furaha, akaingia jikoni anaimba. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, najiona mchafu.

Harusi ilikuwa ya yule binti anayekaa cherehani ya jirani na mke wangu, kiwandani wanakoshona sare. Kazi ya kupiga muziki nimeipata kwa mdomo wa mke wangu. Makubaliano: saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, nusu mkononi, nusu kazi ikiisha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka hotuba ya baba wa bibi harusi. Mzee akashika maiki, akasema, mwanangu leo — basi. Akaanguka. Maiki ikagonga sakafu, spika zikatoa kishindo, ukumbi mzima ukamkimbilia mzee.

Mimi nilikimbilia maiki.

Niliiokota, nikaipuliza, nikaikagua wavu kama umebonyea. Mzee yuko chini, karibu na kiatu changu! Sijui kama kuna aliyeniona. Mimi nilijiona.

Wakambeba. Magari yakaondoka, bibi harusi kabanwa kiti cha nyuma na shela lake lote. Wageni wakafuata, hawa hospitali, hawa makwao. Saa tisa na kitu ukumbi mtupu. Zawadi mezani, keki haijaguswa kisu.

Sasa hapa mkono unakuwa mzito. Besi, aliyenifundisha kazi hii, alinipa sheria moja: sherehe ikikatika njiani, usizime. Ukizima wewe, umeondoka wewe, watakukata hela. Piga mpaka saa yako ifike, kisha dai kifua mbele. Madijei tunaita kujaza saa. Basi nikajaza! Nikavipigia viti. Nyimbo za kuchezesha, sauti juu, ili hata majirani wawe mashahidi. Mlinzi wa ukumbi akaja kupanga viti, akaniuliza, unampigia nani? Nikamjibu: mkataba. Akanitazama, akaguna, akarudi kwenye viti vyake — na baada ya muda, mshenzi yule, akaanza kuvibeba kwa mdundo.

Jioni ikiwa imekaribia, mama wa bibi harusi akaingia. Macho mekundu. Muziki unarindima. Nikasema moyoni, leo natukanwa mpaka ukoo. Akatazama zawadi, akatazama keki, akanitazama mimi. Akasema: mwanangu, kumbe ulibaki kutulindia vitu! Na muziki ukawasha ili wezi wadhani watu wamo! Akanishika mikono yote miwili, akalia. Akanipa nusu yangu, akaongeza kutoka mkoba wake mwenyewe.

Nilifungua mdomo. Kikatoka: asante, mama.

Jumapili, 9 Juni

Mzee ni mzima. Wanasema ni presha. Namshukuru Mungu, na hapohapo naona haya kwamba shukrani zangu zina ubinafsi ndani yake — angekufa, uso wangu ningeuweka wapi?

Mama wa bibi harusi kampigia mke wangu simu kabla hatujanywa chai. Kila kitu kaeleza. Wezi, muziki, zawadi, kijana mwaminifu. Mke wangu alipokata simu akanitazama. Jicho lile sijaliona tangu kabla ya watoto. Kumbe wewe! akasema. Huyu ndiye aliyekuwa akisema kubeba maspika si kazi, ni uhuni wenye waya.

Kwa dada yake akasimulia kwa simu. Kwa jirani akasimulia mlangoni. Nilikuwa chumbani, ukuta mwembamba, nasikia. Hadithi ilipofika kwa shemeji yangu, tayari nilikuwa nimemfukuza kibaka mmoja kwa stendi ya maiki.

Sikutoka chumbani mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeuliza kwenye kundi la madijei kwenye simu. Kwa ujanja, kama vile naulizia mtu mwingine. Eti jamani, sherehe ikikatika katikati, hela mnafanyaje?

Wakashuka kama mvua. Mmoja: harudishwi mtu kitu, siku nimeshaifunga kwa ajili yao, kazi nyingine nimezikataa, mafuta nimechoma. Mwingine: inategemea sababu. Wakipigana mashemeji, kula zote, hata usinawe mikono. Mtu akiugua, punguza. Kuna dada mmoja hupiga harusi tu, yeye akaandika kwa utulivu kwamba huzima, hufunga vitu, kisha huenda kwa familia baada ya siku chache kuongea. Saa alizopiga huzitoza. Asizopiga huwaachia wachague: wakatwe, au aje awapigie siku nyingine. Hajawahi kudhulumiwa, kasema.

Besi akaja mwisho. Je, huyo mtu wako alikaa mpaka saa yake? Alikaa, nikaandika. Basi ni halali yake, alale usingizi!

Vicheko chungu nzima. Nami nikatuma kicheko.

Jumatano, 12 Juni

Kiwandani nimekuwa habari. Wanawake wote wananisalimia kupitia mke wangu. Msimamizi wao anataka nimpigie harusi ya mwanawe, hataki hata kusikia bei ya mwingine. Wamenishonea shati, wamechangiana kitambaa. Limenikaa vizuri mno. Nilipojitazama kwenye kioo nilitaka kulichana.

Ijumaa, 14 Juni

Nimejaribu. Watoto walikuwa nje. Nikasema, mama watoto, ile siku ya ukumbi, mimi sikubaki kwa ajili ya — Akanikatiza. Najua, akasema, hupendi kusifiwa. Ndivyo ulivyo, mimi ndiye nilikuwa sioni.

Mimi ndiye nilikuwa sioni! Miaka yote hii ndoani na hajawahi kuniomba msamaha kwa lolote. Leo kaniomba, na kosa si lake.

Nikatoka kuwaita watoto. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 18 Juni

Mzee katoka hospitali. Mama wa bibi harusi kanipigia mimi mwenyewe. Anasema mzee hakai, hatulii, anataka kumalizia hotuba yake na kucheza na binti yake hata hatua mbili. Jumamosi, nyumbani kwao, uani, watu wachache. Akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyetoka kulipa hospitali: utatuchaji kiasi gani, mwanangu?

Zile saa wameshazilipa. Nilizipiga. Nilivipigia viti! Huyu mama anaulizia bei ya kitu alichokwisha kununua, na mimi ndiye ninayejua.

Nikajibu nini? Nikasema, ngoja niangalie ratiba. Ratiba gani! Jumamosi yangu nyeupe.

Mke wangu akaninyang'anya simu. Mama, bure kabisa! Huyu wangu hatachukua hata senti. Nikamsikia mama wa watu anabubujika upande wa pili. Na mimi, badala ya kupata nafuu, kitu cha kwanza nilichowaza ni mafuta ya gari. Nani atalipa mafuta? Ndiyo, niliwaza hivyo. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuwaza.

Jumamosi, 22 Juni

Niko ndani ya gari, nje ya geti lao. Nimewaambia natafuta waya. Waya upo, ninao mfukoni.

Mzee kahutubia akiwa kwenye kiti. Sauti imepungua, nimempandishia taratibu mpaka watu wa nyuma wakasikia. Kamalizia pale pale alipoishia, mwanangu leo, kama vile alikuwa amemeza mate tu. Halafu wakamwinua, binti kulia, mkwe kushoto, akacheza. Hatua mbili kweli, hakuongeza. Nililia nyuma ya maspika na sikujali nani ananiona.

Kisha mama yao akashika maiki. Akasimulia. Ukumbi, wezi, muziki, kijana mwaminifu, nisimame wanione. Nikasimama. Wakapiga makofi. Mke wangu akasimama pia, akakazia palipolegea, akaongeza hata yule kibaka. Anang'aa. Sijamwona anang'aa hivyo mbele za watu kwa sababu yangu, kamwe.

Nikaweka wimbo mrefu. Mzee akaniita kwa kidole. Nikainama karibu na mdomo wake, nikidhani anataka sauti ipunguzwe.

Akaniambia: mimi nilikuwa fundi rangi. Kibarua cha kutwa. Ukuta ukiisha mapema tajiri anakata hela, kwa hiyo tulikuwa tunachovya brashi kwenye maji matupu, tunapaka tena ukuta ule ule mpaka jua lizame. Anapita, anaona tunafanya kazi. Akanitazama. Ulikuwa unapaka maji, sivyo?

Ningeweza kukataa. Muziki ulikuwa juu, ningeweza hata kujifanya sikusikia. Nikasema, ndiyo, mzee.

Akacheka mpaka akakohoa, nikaogopa wasije wakadhani namrudishia presha. Akanipigapiga mkono. Hela kaa nazo, akasema, leo umezitolea jasho. Mama yenu mwacheni na hadithi yake, ilimsaidia kule hospitali, alikuwa hana jingine zuri la kushika. Lakini mkeo, mwanangu. Mkeo usimwache aendelee. Yule mlinzi wa ukumbi ana mdomo. Siku mkeo akiambiwa na mtu baki, katikati ya watu, atakayeaibika ni yeye, wewe hutakuwepo hata kumshika mkono. Mwambie leo. Usilale naye hivi.

Nikasema sawa, mzee. Miguu ikanileta huku.

Nimepanga maneno. Nianze na maiki, kwamba niliokota maiki. Hapana, nianze na Besi. Hapana — nikianza na Besi nitakuwa namsukumia mwingine. Niseme tu: mama watoto, nilikuwa nangoja hela. Maneno machache. Nimeyasema kwa sauti humu ndani na yanasikika vibaya kweli.

Nikimwambia leo, Jumatatu ataingiaje kiwandani? Atakaaje kwenye cherehani yake? Nisipomwambia —

Wimbo umekaribia kuisha. Namwona anatoka getini, sahani mbili mikononi, anacheka na watu nyuma yake. Amenikuta. Anagonga kioo kwa kiwiko. Baba watoto, fungua basi, wageni wamefika wengine, wanataka niwasimulie tena. Hebu nikumbushe vizuri, mwanzo ilikuwaje —