Mtamba Mwekundu Kwenye Kioo

Morotonga, Jumamosi

Baba amecheza gemu yangu leo. Bado siamini.

Tangu niuze mitamba wawili waliotengwa kwa mahari yangu, nikanunua kompyuta ya kutengenezea gemu ya kuchunga ng'ombe, hakuwahi hata kuitazama. Mpaka sasa hakuna aliyenunua gemu hiyo, na hilo linanitisha.

Mchana alisimama nyuma yangu. "Mchungaji gani anatangulia ng'ombe? Wa nyuma wataibwa wote."

Nikarekebisha palepale, mchungaji akafuata nyuma. Baba akavuta kigoda, akachunga mwenyewe huku anapiga mluzi, chai ikapoa.

Halafu akamwona mtamba mwekundu, pembe moja imepinda. Nilimchora vilevile alivyokuwa, wiki ileile niliyompeleka mnadani.

Akamgusa kwenye kioo kwa kidole. "Huyu usimuuze tena."