Baba, Nimewaona Pengwini

Baba yangu mpendwa,

Nimewaona. Si kwenye televisheni. Nimesimama nao ufukweni, karibu kiasi kwamba mmoja alinidonoa buti, nikacheka mpaka nikalia.

Uliondoka kabla sijapata uraia wa Marekani. Wiki tatu baada ya kukuzika nilikula kiapo hapa Buffalo, nimevaa gauni lilelile la msiba, maana sikuwa na jingine zuri. Pasipoti ilipofika, Bibi Ruth, yule mzee ninayemtunza North Buffalo, akaniambia, "Sasa tunaweza kwenda." Alikuwa mwalimu, hakujaliwa mtoto, na maisha yake yote amependa ndege wa baharini. Alitaka kufika kwenye visiwa vyao, huko kusini kabisa mwa dunia, kabla macho yake hayajapofuka kabisa. Nami niende kama msaidizi wake.

Nilitaka kukataa. Wewe unajua kwa nini. Siku ulipozidiwa kule Columbus, mimi nilikuwa namlisha yeye uji. Mama alipiga simu mara nne. Nilipopanda basi, ulikuwa umeshaondoka. Miezi mingi nilimwogesha yule bibi huku nikisema moyoni, mikono hii ilipaswa kukuogesha wewe. Sikumchukia. Lakini Baba... ilikuwa ngumu.

Mama ndiye aliyesema, "Nenda. Baba yako angekusukuma mwenyewe."

Basi nikaenda. Siku mbili melini kazi yangu ilikuwa kutapika tu, na bibi wa miaka themanini na mbili ndiye aliyenishikia ndoo! Siku ya tatu tukaanza kuona albatrosi, ndege mwenye mabawa marefu kuliko kitanda chako, anateleza juu ya mawimbi bila kupiga mabawa hata mara moja. Kisha kisiwa. Tulishushwa kwa boti ya mpira, mabaharia wawili wamembeba Bibi Ruth kama bi harusi. Nikamketisha kwenye jiwe. Pengwini maelfu, harufu ya dagaa waliooza, kelele kama kwaya mbili zinazoimba nyimbo tofauti. Akageuza uso huku na huku, akaninong'oneza, "Naona ukungu tu."

Safari yote ile, Baba, na haoni.

Nikakumbuka sebule yetu kule Columbus, karibu na Morse Road. Pengwini walipoonyeshwa, ulikuwa unazima sauti ya televisheni, maana Kiingereza kilikuchosha, unatutangazia mwenyewe. "Huyu ni mzee wa kanisa, kachelewa ibada. Yule ni jirani yetu wa kambi ya wakimbizi, anakwenda kugombania zamu ya maji." Watoto wa dada Godeliva wakija kutoka Louisville waligaragara kwa kicheko, ingawa nusu ya maneno hawakuyaelewa.

Nikachuchumaa karibu na sikio la Bibi Ruth, nikaanza kutangaza. Kwa Kiingereza changu hikihiki. Nani anaiba kokoto ya nani. Kinda gani linamkimbiza mama yake likidai chakula. Nikawapa majina ya watu wetu. Alicheka, akanishika mkono, akauliza, "Nani alikufundisha kuona hivi?"

Nikasema, baba yangu. Sikuwahi kumsimulia habari zako, hata siku moja. Siku hiyo nilimsimulia mpaka tukaitwa kurudi botini.

Sina kinyongo naye tena, Baba. Hilo nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Huku mengine yapo hivi: Godeliva amejifungua mvulana, amempa jina lako. Mama goti linamsumbua, na bado anapika chakula cha watu wawili, kisha anakaa anakitazama. Nilipomweleza Bibi Ruth, akasema, "Nenda kwa mama yako. Mimi mpwa wangu atakuja." Tulilia sote wawili jikoni.

Nahamia Columbus mwezi ujao. Pumzika, Baba. Nitamwogesha Mama kwa mikono yangu, nitakula naye kila jioni, na siku yake itakapofika atanikuta pale pale, pembeni yake. Nakuahidi.

Binti yako,
Konsolata