Nguzo Bila Ruhusa

Mama,

Nimefanya kitu ulichonikataza. Kesho nakwenda ofisi ya komini kukisema mbele ya watu wa serikali, lakini siwezi kuwaambia wao kabla sijakuambia wewe.

Tangu tulipokuzika, ziwa limezidi kupanda. Maghala ya ndagala, samaki wetu wadogo, kule chini yameingia maji, na wafanyabiashara waliokuwa wanatucheka kwa kuishi kwenye nyumba za kizamani sasa wanautolea macho mtaa wetu huku juu. Nyumba zenyewe hawazitaki, Mama. Wanataka viwanja.

Nakumbuka siku watu wa urithi, wale wanaolinda majengo ya kale, walipokuja kutoka Bujumbura kuzipima. Ulivaa kitenge chako cha Idi. Ukawatembeza chini ya baraza, kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho, ukiwaonyesha matao ya matafari ya kuchoma, milango ya mvule, na yale mategura ya udongo yanayozifunika nyumba zote kwa paa moja. Ukawaambia, "Musihesabu milango. Hii iko nyumba moja. Mukivunja kipande, yote inakufa." Ukapanda mabasi miaka na miaka kwenda kuwauliza wamefikia wapi, mpaka amri ikatoka: hakuna kubomoa, hakuna kubadilisha, hakuna kuongeza kitu bila ruhusa ya maandishi. Ulicheka siku ile kama binti. Na ulipolala kitandani mara ya mwisho, mkono wako ukiwa mwepesi ndani ya wangu, ulisema, "Mwajuma, usiguse kitu bila ruhusa. Sisi wenyewe tukiivunja hiyo sheria, nani ataiheshimu?"

Nikakuitikia.

Sasa sikia yaliyotupata. Mama Jozefina, jirani yako, alikwenda Bujumbura kutibiwa macho. Huku nyuma mwanawe Deo akaiuza nyumba ya mama yake kwa tajiri mmoja wa mawese. Jumapili asubuhi, Wakristo wakiwa kanisani, tukasikia nyundo. Nilitoka na unga wa maandazi mikononi. Vijana walikuwa juu ya paa wanatupa mategura, na tao la mbele lilikuwa limeshalala barabarani. Nikapiga kelele, "Nyumba hii inalindwa na sheria!" Msimamizi wao akanitazama, karibu kwa huruma. "Mama, sheria iko Bujumbura."

Nikakimbia kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, tukaenda pamoja polisi. Walipokubali kuja, adhuhuri ilishapita. Kazi ikasimama, ndiyo. Lakini nyumba ya Mama Jozefina ilikuwa imebaki vifusi, na ule ukuta mmoja tulioshirikiana naye. Ukuta wa chumba chako.

Aliporudi, hakulia. Alisimama pale na dawa zake za macho mkononi, akaniambia, "Mwajuma, nilikimbia vita nikaenda Tanzania, nikazeekea huko, nikarudi, nyumba ikawa inanisubiri. Sasa nimekwenda kupimwa macho tu." Nikamleta ndani. Nikamlaza kwenye kitanda chako. Nilijua usingekataa, wewe uliyekuwa unamwita Mutanzania na kumcheka kwa "samahani" zake.

Tukashitaki, na tribinali, mahakama ya huku, ikatupa haki. Mauzo yakafutwa, na tajiri akaamriwa kuijenga upya nyumba kama ilivyokuwa. Akakata rufaa. Na rufaa ikalala, wakati mvua haikulala.

Ukuta ule haukuumbwa kusimama peke yake, Mama. Upande wa kwa Mama Jozefina hauna hata lipu ya kuukinga na maji, kwa sababu zamani ulikuwa ndani ya nyumba. Ukaanza kuoshwa. Ufa ukashuka kutoka darini hadi pale ulipokuwa ukitundika tasbihi yako, ukapanuka mpaka mkono wangu ukaingia. Niliandika kuomba ruhusa ya kuuegemeza. Nikajibiwa kwamba komisio ya urithi itakaa kuamua. Nikaandika tena. Komisio itakaa.

Fundi alikuwa tayari. Aliyenizuia ni avoka wetu, mwanasheria wa kesi. "Ukijenga bila ruhusa, yule tajiri atasema mbele ya majaji, mbona na hawa wanavunja amri ileile? Mutamharibia mama huyu kesi." Basi nikakaa. Ningeokoa ukuta wetu kwa kumpotezea mwenzangu nyumba? Nikawa nasikiliza mvua nikiwa na hasira na kila mtu, na wewe pia. Nisamehe. Nilikuwa nakuuliza kwa nini uliniachia sheria isiyo na mikono.

Alasiri moja ikanyesha mvua ya upepo kutoka ziwani. Mama Jozefina alikuwa ametoka chumbani kunitafuta jikoni, anataka chai. Tukasikia kishindo. Tulipofungua mlango, matafari yalikuwa juu ya mto alioulalia, na mwanga wa nje unaingia chumbani kwako.

Mama Jozefina akasema, "Jenga, mwanangu. Yangu imeshaanguka. Isianguke na yako."

"Na kesi?"

"Kesi haina mifupa. Wewe unayo."

Asubuhi yake akatoka mwenyewe, akasimama katikati ya vifusi, pale palipokuwa sebule yake, akamwonyesha fundi kwa fimbo mahali pa kuchimba. Nguzo zimesimama juu ya sakafu yake, Mama. Za mawe na saruji, nene, zimeinama kuuegemea ukuta. Ni mbaya kuzitazama. Wewe ungefunga macho. Lakini mvua imenyesha tena, nikaweka kiganja ukutani, na haukutikisika.

Watu wa tajiri wamekwishazipiga picha. Ndiyo maana avoka anasema afadhali tutangulie sisi kwenda kusema. Jana mchana, tukichambua mchele, Mama Jozefina akaniambia bila kuniangalia, "Mimi nitasema ni mimi niliyejenga. Kiwanja ni changu. Watamfanya nini kikongwe?"

Sikumjibu. Ninakujibu wewe.

Sijui tutashinda. Ruhusa ikija, nitazing'oa nguzo hizi na kurudisha matafari kwa chokaa, kama ulivyotaka, hilo nakuahidi. Na jingine: kesho nitamshika mkono mpaka ndani ya ofisi ile, na wakiuliza nani amevunja amri, nitasema jina langu kabla yeye hajafungua kinywa.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Mwajuma