Taa Nyekundu ya Lori la Baba

Njiru, Nairobi

Kwa Baba mpendwa,

Habari za hapo nyumbani? Mgongo je, umepata nafuu, au bado unalala umekaa kitini? Na mvua imeshanyesha, au ni mawingu ya kutudanganya tu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa simu hatusikiani tena; juzi nilikuuliza habari za ng'ombe ukanijibu habari za kanisa. Mwende atakusomea. Dada yangu, najua lazima upaze sauti, basi mpeleke Baba kwanza kule nyuma ya ghala, majirani wasije wakajua mambo yetu kabla yake.

Baba, ni kuhusu lori lako uliloniachia hapa gereji nilitengeneze. Nisikuzungushe: haliji.

Najua unalingoja. Siku tuliyomzika Mama ulisema mbele ya watu wote kwamba mchanga na kokoto za kujengea kaburi lake utazibeba mwenyewe, kwa lori lako, humwachii mtu. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Injini tuliifumua yote, mhimili wa krenki ukachongwa, tukatia pistoni na beringi mpya. Kazi ya chini, ya kufunga krenki, aliifanya Odhiambo, fundi mwenzangu, nilipokuwa huko matangani. Alitaka nikirudi nikute imeisha. Ana roho nzuri yule mtu.

Ilipowaka mara ya kwanza tulipiga vigelegele kama wanawake wa harusini. Ikiwa baridi, presha ya oili iko juu. Ikishika moto, ukiiacha ingurume polepole, presha inashuka na taa nyekundu inawaka. Nikasema labda geji ndiyo mbovu. Nikaazima ya jirani, nikaifunga kwenye bloku yenyewe ya injini: yaleyale. Nikabadilisha pampu ya oili. Wapi! Nikasafisha vali ya presha na springi yake, nikamwaga oili nikatia nyingine, taa ikanikodolea jicho tu. Jioni nilikuwa nikirudi kwangu Jericho chakula kinanishinda.

Mwishowe nikalala chini ya lori, nikashusha sampu, lile beseni la oili, nikafungua zile beringi za krenki moja moja. Nyuma ya ile ya katikati nikakuta kipande cha bati. Bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, Baba, bado lina rangi yake ya njano! Limekatwa vizuri kwa mkasi, limesogea, limeziba nusu ya tundu la oili.

Nilimfokea Odhiambo mpaka mafundi wa gereji ya pili wakaja kuchungulia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Kiti cha beringi kilikuwa kimelika, buda. Beringi ilikuwa inacheza. Na hii kitu ni mzee wako alinifundisha, ile siku alituletea mahindi."

Ni ile hadithi yako ya kuharibikiwa porini, ukakata mkebe, ukapachika bati lake nyuma ya beringi, ukafika nyumbani. Tumekua tukiisikia na kucheka. Lakini Baba, wewe ulikuwa unatafuta kufika nyumbani jioni moja tu.

Tukaitoa bloku, nikaipeleka kwa fundi wa mashine kule Kariobangi, nikitumaini atakichonga kiti upya. Akaipaka ile rangi yake ya kutafutia nyufa, akaniita nione. Ufa umetoka kwenye kiti hadi kwenye njia ya oili. "Hii ni ya kuuzwa kwa kilo," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Nimeuliza bloku nyingine hata kwa wanaobomoa malori ya zamani. Hakuna.

Odhiambo akaniambia, "Tuifunge tu hivyo, tutie oili nzito, tutoe balbu ya hiyo taa. Mzee abebe mchanga wake, afurahi. Kwani atajua? Hata hasikii." Hakusema kwa ubaya, machozi yalikuwa yanamlenga. Nami niliishika ile balbu nikafikiria kweli. Lakini dereva mwingine angesikia injini inagonga, akasimama. Wewe hutasikia. Utakuwa kwenye ule mlima wa kutoka mtoni, umejaza mchanga, injini ikwame ghafla, lori lirudi nyuma nawe ndani. Nimemzika Mama juzi. Sitaki, nimekataa! Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie.

Nisalimie Shangazi Nduku, mwambie asiache dawa zake za presha. Watoto wa Mwende uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Na Mjomba Kyalo mwambie asiuze ule mkokoteni wa punda. Nikija tutaubeba mchanga wa Mama kwa huo, wewe ukae mbele ushike kamba.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akilisikia lori lingali ng'ambo ya mto, akabandika chai? Kila ulipoingia uani kikombe kilikuwa tayari. Hata lingerudi sasa, Baba, aliyekuwa akilisikia hayupo, na wewe hulisikii. Ya kukuonya imebaki taa tu. Siwezi kuitoa.

Ni mimi mwanao, hata ukininunia,
Mutisya